Je, Injini Hii Ni ya Gari Hili?



Mnunuzi wa gari la zamani la michezo huambiwa jambo moja kabla hata boneti haijafunguliwa: injini ni orijino. Muuzaji husema kwa kujiamini, fundi aliyesimama pembeni huitikia, “Bosi, hii haijaguswa,” na bei hupanda papo hapo. Mhadhara huu unahusu namna ya kulipima dai hilo kwa macho, kwa vipimo na kwa karatasi.

Mifano yake mikuu ni magari mawili. La kwanza ni Datsun 240Z ya Japani, ambayo barabara za Afrika Mashariki zinaifahamu vizuri. La pili ni Chevrolet Corvette ya Marekani ya mwaka 1967. Yamechaguliwa kwa sababu viwanda vyake viliunganisha gari na injini kwa njia mbili zilizo kinyume: kimoja kiliandika namba ya injini kwenye gari, kingine kikagonga namba ya gari kwenye injini. Anayeelewa njia hizo mbili hatahangaika sana akifunguliwa boneti ya Jaguar au Porsche.

Maswali mawili

Mkaguzi ana maswali mawili ya kujibu, na makosa mengi huanza pale yanapochanganywa. La kwanza: je, injini hii ni ya aina ambayo kiwanda kilikuwa kikifunga kwenye gari la mwaka huu? La pili: je, ni injini ile ile, hasa hiyo, iliyofungwa kwenye gari hili siku lilipounganishwa?

Injini inaweza kufaulu swali la kwanza na kuanguka la pili. Injini ya 240Z, iitwayo L24, haikutengenezwa kwa gari hilo peke yake. Ilifungwa pia kwenye saluni za Nissan, ikiwamo Datsun 240K. Mwenye 240Z aliyeua injini zamani aliweza kupata L24 ya saluni, akaifunga, na gari likarudi barabarani. Kwa aina, hakuna cha kulalamikia. Lakini ile iliyotoka nayo kiwandani ilikwisha kuuzwa chuma chakavu.

Kwa mtu anayetaka gari la kuendesha Jumapili, swali la kwanza linamtosha. Anayelipa bei ya mnada anahitaji jibu la pili, maana humo ndimo fedha yake imo. Januari 2014, katika mnada wa Barrett-Jackson huko Scottsdale, Arizona, Corvette nyekundu ya mwaka 1967 yenye injini ya L88 iliuzwa kwa dola milioni 3.85. Mwaka ule Chevrolet ilitengeneza Corvette 22,940, na zenye L88 zilikuwa 20 tu. Ukiitoa injini, mwili wa gari lile hautofautiani sana na wa wenzake ambao bei zao ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Tofauti ya namna hiyo inatosha kumfanya mtu achukue nyundo na seti ya herufi za chuma.

Kilichosubiwa na kilichogongwa

Alama zinazosomwa kwenye injini ziko za namna mbili. Za kwanza hutoka kwenye kalibu. Chuma kilichoyeyuka kinapomiminwa, tarakimu zilizochongwa kinyume ndani ya kalibu hujitokeza kwenye bloki zikiwa zimetuna, na kidole kikipita juu yake kinazihisi. Alama hizo husema bloki ni ya muundo gani, na pengine ilisubiwa lini. Maelfu ya bloki huwa na namba hiyo hiyo moja.

Za pili hugongwa baada ya bloki kupoa na kuchongwa sehemu zinazohitaji kunyooshwa. Herufi hizo zimezama ndani ya chuma. Hapo ndipo injini moja inapotenganishwa na nyingine.

Kwa hiyo muuzaji anayeonyesha namba iliyotuna na kusema “hii ndiyo namba ya injini” amejibu swali la kwanza tu, hata kama hakukusudia kudanganya. Vivyo hivyo kwa silinda hedi. Kwenye 240Z za mwanzo hedi huwa na alama E31, na za baadaye E88. Kuikuta E31 ni jambo la kufurahisha, lakini hedi hufunguliwa kwa boliti na kuhamishwa injini hadi injini. Haisemi lolote kuhusu bloki iliyo chini yake.

Datsun: gari linaloitaja injini

Datsun 240Z ilionyeshwa kwa umma Tokyo mwezi Oktoba 1969 na kuanza kuuzwa Marekani mwaka uliofuata kwa dola 3,526. Afrika Mashariki gari hilo lilijulikana kwa vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na 240Z, katika njia iliyopita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1973 ikashinda tena, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mehta alikuja kuishinda Safari mara tano kwa jumla. Tangu mwaka 2003 magari ya enzi hizo hurudi kushindana katika East African Safari Classic, na 240Z ni miongoni mwa yanayopendwa humo.

Historia hiyo ina upande wake wa pili. Gari lililoshindana, au lililomilikiwa na mtu aliyetamani kushindana, limefunguliwa injini mara nyingi.

L24 ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kila silinda ina upana wa milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7, jumla sentimita za ujazo 2,393. Zikafuata L26 ya 260Z, yenye upana ule ule wa 83 lakini mwendo wa milimita 79, ujazo 2,565. Na L28 ya 280Z, upana 86 na mwendo 79, ujazo 2,753. Kwa nje injini hizi ni mapacha watatu. L28 huingia kwenye kitanda cha L24 bila shida, hutoa nguvu zaidi, na ilitengenezwa kwa wingi. Ndiyo maana 240Z nyingi duniani hutembea na L28, na wenyewe wanafurahi.

Mkaguzi huanzia kwenye kibati cha utambulisho ndani ya chumba cha injini. Humo kiwanda kiliandika ujazo wa injini, nguvu zake, umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, namba ya gari, na namba ya injini yenyewe. Kisha anageukia namba ya gari iliyogongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Gari la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30. La usukani wa kushoto, HLS30. Namba ya ukutani na ya kwenye kibati lazima zifanane. Zisipofanana, kibati ni cha gari jingine, na lolote kinalosema kuhusu injini halina maana hapa.

Baada ya hapo ndipo anaitafuta namba ya bloki. Iko upande wa kulia wa injini, upande wa plagi, chini kidogo ya silinda hedi, na huanza na L24 ikifuatiwa na tarakimu. Mara nyingi imefunikwa na grisi ya miaka mingi. Mkaguzi anayejua kazi hatumii msasa wala brashi ya waya. Huloweka kitambaa katika mafuta ya taa, husugua polepole mpaka chuma kionekane, hupaka chaki ili weupe uingie kwenye mashimo ya herufi, kisha humulika tochi kwa ubavu. Mwanga wa mbele huficha kina cha herufi. Wa ubavu huonyesha kila pigo, na mikwaruzo yote iliyo nyuma yake. Picha hupigwa hapo hapo.

Je, ikisomeka sawasawa na kibati, kazi imeisha? Bado. Mtu anaweza kuisaga namba ya L28 na kugonga namba ya L24 inayolingana na kibati. Hapo ndipo vipimo vinapoingia. Injini ikifunguliwa hedi, upana wa silinda na mwendo wa pistoni hupimwa kwa dakika chache. Upana peke yake unaweza kubishaniwa, kwa kuwa silinda zilizochakaa huchongwa na kupanuliwa kidogo ili zipokee pistoni kubwa. Mwendo haubadilishwi na uchongaji huo, hutegemea krenki. Bloki inayojiita L24 huku silinda zake zina milimita 86 na pistoni zinasafiri 79 imejitaja yenyewe. Zipo pia alama zilizotuna ubavuni, kama N42 na F54, ambazo ni za bloki za L28.

Corvette: injini inayolitaja gari

Chevrolet ilifuata njia ya kinyume. Corvette za miaka ya 1960 hazina kibati kinachotaja namba ya injini. Badala yake, bloki ina bapa dogo lililonyooshwa, mbele ya hedi ya kulia, na juu ya bapa hilo kuna maandishi ya makundi mawili.

Kundi la kwanza liligongwa kwenye kiwanda cha injini. Kwa mfano wa T0329JE, herufi T ni kiwanda cha Tonawanda, jimbo la New York. 0329 ni tarehe 29 Machi. JE ni injini ya inchi za ujazo 427 yenye nguvu farasi 435. Kama ingekuwa IL, ingekuwa 427 pia, lakini ya farasi 390. Injini ndogo za inchi 327 zilitoka Flint, Michigan, na maandishi yake huanza na V.

Kundi la pili liligongwa St. Louis, Missouri, ambako gari zima liliunganishwa. Hapo injini ilipewa tarakimu ya mwaka na namba sita za mwisho za gari. Gari la 1967 ambalo namba yake inaishia na 112345 litakuwa na 7112345 kwenye bapa.

Makundi hayo yalipigwa katika miji miwili tofauti, kwa vifaa tofauti, na watu wasiofahamiana. Hivyo ndivyo yanavyotakiwa kuonekana: ukubwa wa herufi ukitofautiana, kina kikitofautiana, pengine mstari mmoja ukiwa umepinda. Bapa ambalo maandishi yake yote yana umbo moja, kina kimoja na mstari mmoja ulionyooka huwatia wasiwasi wajuzi kuliko lililokaa ovyo.

Mpangilio wa tarehe

Uzuri wa Corvette ni kwamba bloki yenyewe ina tarehe ya kusubiwa. Herufi A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea hadi L, Desemba. C 14 7 ni tarehe 14 Machi 1967. Bloki nyingi za 427 za mwaka huo zina pia namba ya kalibu 3904351.

Mkaguzi huziweka tarehe tatu kwa mfuatano: kusubiwa, kuunganishwa kwa injini, kuunganishwa kwa gari. Bloki ya 14 Machi, injini ya 29 Machi na gari la Aprili ni mtiririko unaoeleweka. Bloki iliyosubiwa Mei haiwezi kuwa ndani ya gari lililotoka kiwandani Aprili, hata bapa liandikwe nini. Upande wa pili, bloki iliyokaa karibu mwaka mzima kabla ya gari kuzaliwa inahitaji maelezo mazuri.

Ugumu ni kwamba bloki hiyo hiyo ya 3904351 ilifungwa pia kwenye Chevrolet kubwa za familia zenye 427. Mtu mwenye subira anaweza kutafuta bloki ya gari la familia yenye tarehe inayofaa. Namba ya kalibu ni sahihi, tarehe ni sahihi. Kinachobaki kughushiwa ni bapa peke yake.

Mikwaruzo ya kiwanda

Kwa sababu hiyo wataalamu wa Corvette, wakiwamo waamuzi wa chama cha National Corvette Restorers Society kilichoanzishwa mwaka 1974, hukitazama chuma kilicho chini ya herufi kuliko herufi zenyewe. Kiwandani, uso wa juu wa bloki ulichongwa kwa mashine iliyopita kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikaacha mistari myembamba iliyonyooka, inayoelekea mbele na nyuma ya injini. Herufi ziligongwa juu ya mistari hiyo, na mistari huonekana ikiendelea kati ya herufi na herufi.

Gereji za kawaida hutumia mashine ya kuzunguka, ambayo huacha alama za nusu duara. Anayesaga kwa mkono huacha mng’aro usio na mistari, au mistari ya msasa inayokwenda kokote. Herufi nzuri zilizokaa juu ya nusu duara zimegongwa baada ya bloki kuondoka kiwandani.

Hata hivyo bapa lililofutika si lazima liwe la mwizi. Bapa la Corvette liko kwenye uso ule ule ambao hedi hukalia. Injini iliyopata joto na uso wake kupinda hupelekwa kusawazishwa, na fundi mwaminifu kabisa huifuta namba bila kujua thamani yake. Mwaka 1978 hakuna aliyemwonya.

Namba iliyosagwa pia haipotei yote. Pigo la nyundo hubana punje za chuma hadi chini ya kina cha herufi yenyewe. Maabara za polisi hupaka tindikali juu ya sehemu iliyosagwa. Chuma kilichobanwa huitikia tofauti na kilicho jirani, na kivuli cha namba ya zamani huweza kuonekana kwa muda. Hiyo ni kazi ya wataalamu, na huacha doa lisilofutika, kwa hiyo hufanywa pale tu penye mgogoro mkubwa.

Karatasi

Chuma kikishazungumza, karatasi huitwa kuthibitisha. Baadhi ya Corvette za 1967 bado zina karatasi ya maagizo iliyobandikwa juu ya tangi la mafuta, ikionyesha injini iliyoagizwa. Kwa Jaguar, taasisi ya Jaguar Daimler Heritage Trust hutoa cheti kutoka kwenye madaftari ya kiwanda, chenye namba ya chesisi, injini na mwili, rangi na tarehe ya kutengenezwa. Mwenye E-Type ana bahati ya ziada: namba ya injini iligongwa kwenye bloki na tena kwenye hedi, kwa hiyo kuna sehemu mbili za kulinganisha na cheti.

Afrika Mashariki nayo ina hazina yake. Kadi ya gari ya Tanzania na logibuku ya Kenya huandika namba ya chesisi na ya injini. Kwa 240Z iliyouzwa mpya Nairobi au Dar es Salaam, nakala ya usajili wa kwanza ni ushahidi mzito, kwa kuwa iliandikwa na karani asiye na sababu ya kudanganya, miongo kadhaa kabla gari halijawa na thamani. Kadi mpya haina uzito huo. Katika nchi ambako injini za mtumba kutoka Japani na Dubai hupangwa sakafuni kwenye maduka ya spea, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi, injini hubadilishwa na namba mpya huandikwa kwenye kadi kihalali. Kadi ya mwaka jana ikikubaliana na bloki, inathibitisha kuwa mmiliki alifuata sheria.

Mwenye kutengeneza gari ana tahadhari moja zaidi: asivigandue vibati. Mwaka 2017, polisi wa barabara kuu wa jimbo la Kansas waliikamata Corvette ya mwaka 1959 kwa sababu kibati chake cha namba kilikuwa kimeondolewa na kurudishwa wakati wa matengenezo. Mmiliki alikuwa ameinunua kwa nia njema, lakini sheria ya jimbo ilitaka gari la namna hiyo liharibiwe. Kesi ilivutana miaka mingi, na mwaka 2022 sheria ikarekebishwa ili kuwalinda wenye magari ya aina hiyo. Mkaguzi huviangalia hata viripiti: umbo lake, kutu yake, na kama rangi iliyovizunguka ilikwisha kuvunjwa.

Injini isiyo yake, iliyotajwa wazi

Si kila injini ngeni ni ya kuficha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, General Motors iligonga herufi CE kwenye injini ilizotoa kubadilisha zile zilizokufa zikiwa ndani ya dhamana. Corvette yenye CE na stakabadhi ya muuzaji wa wakati ule ina historia safi, ingawa injini yake si ya kwanza. Na 240Z yenye L28 iliyotajwa wazi huuzwa kila mwezi kwa bei inayoeleweka, tena wapo wanunuzi wanaoipendelea.

Hati ya mauzo ndiyo inayopaswa kubeba tofauti hizo. Neno “orijino” lisiachwe peke yake humo. Iandikwe namba iliyosomwa kwenye bloki, namba iliyo kwenye kibati au inayotokana na namba ya gari, tarehe ya kusubiwa kama ipo, na sentensi moja inayosema ni lipi kati ya haya matatu linalodaiwa: injini iliyotoka na gari hili kiwandani, injini ya aina sahihi na mwaka sahihi, au injini mbadala. Picha za bapa, zilizopigwa kwa mwanga wa ubavu kabla ya kupakwa rangi yoyote, ziambatanishwe na zisainiwe na pande zote mbili. Muuzaji akikataa kuisaini sentensi ya kwanza lakini akakubali ya pili, bei irudi mezani na mazungumzo yaanze upya kutoka hapo.